Kifuniko cha Njano

Panya ndio waliotoa siri. Madume walilishwa dawa ya kuzuia uzazi, wakawekwa na majike, na kazi yao pekee hapa duniani ilikuwa kukosa watoto. Badala yake vizimba vikajaa vitoto vyekundu visivyo na manyoya, mpaka mzee anayewatunza, ambaye maabara nzima ilimwita Baba Panya, akaishiwa mahali pa kuwaweka. Profesa, mwenye maabara, aliupima upya unga wa dawa uliokuwa kwenye friza. Sehemu kubwa ilikuwa glukosi, hii hii ya kulamba. Mtu alikuwa akichota dawa na kujazia sukari.

Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi Inspekta alikuwa amekaa juu ya stuli ndefu, miguu inaning'inia, akifundishwa habari za mbegu za kiume na mwanamke wa umri wa binti yake mkubwa. Alikuwa baba wa mabinti watano na alidhani somo hilo amelihitimu zamani. Aibu ilimfanya atazame dirishani zaidi ya kumtazama mwalimu.

"Afande, ukiona haya hatutamaliza," mwanamke akamwambia. "Humu ndani hii ni kazi kama kupima maji."

Wenzake walimwita Fundi, kwa sababu hapakuwa na jicho la kulingana na lake kwenye hadubini. Ndiye pia aliyeshika ufunguo pekee wa friza, na kwa ajili ya ufunguo huo Profesa alitaka apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Inspekta aliomba apewe mpaka jioni. Hakupenda kumkamata mtu kwa kosa la kuwa karibu.

Fundi akadondosha tone juu ya kioo, akamwita achungulie. Inspekta akaweka jicho, akaona mbegu nyingi zikikata maji polepole, mikia inapepea. Fundi akamweleza kwamba hivyo ndivyo zinavyosafiri, maana safari ni ndefu na mwenye akili hamalizi nguvu njiani. Kisha akazima taa moja, akawasha nyingine, akaongeza tone la homoni, ile inayotolewa na seli zinazolizunguka yai. Mambo yakabadilika pale pale. Mikia ikaanza kuchapa kwa nguvu huku na huku, na mwanga wa kijani ukapanda kutoka mkiani hadi kichwani, mbegu moja baada ya nyingine, mpaka kioo kizima kikang'aa.

"Hiyo ni kalsiamu inaingia," Fundi alisema. "Mkiani kuna vilango vidogo sana. Homoni ikivigusa vinafunguka, kalsiamu inaingia, mkia unachapa kama mjeledi. Rangi tuliyotia ndiyo inayowaka ikikutana na kalsiamu. Bila kuchapa hivyo, mbegu haitoboi ganda la yai. Itaogelea, itafika, itabisha hodi mpaka ichoke."

"Na dawa iliyoibiwa?"

"Inaviziba hivyo vilango. Ikishavishika haibanduki, hata ukiosha mbegu."

Inspekta akauliza kama daktari wa hospitali angegundua kitu. Fundi akatikisa kichwa. Hospitali huhesabu mbegu na kutazama kama zinaogelea, basi. Zikiwa nyingi na zinakwenda, mume anaambiwa yuko salama, na macho yote yanamgeukia mke. Hilo la mwisho alilisema akifuta kioo kilichokuwa tayari kimetakata.

"Hilo nalijua kwa mwili wangu," akasema. "Mume wangu alipimwa, akaonekana hodari. Anayetafutwa kosa ni mimi. Sindano, vidonge, picha za mirija, vyote nimepita. Jumatatu nalazwa, nipasuliwe, wachungulie ndani. Afande, kama ni kunifunga nifunge, ila iwe baada ya Jumatatu. Nikiikosa nafasi hiyo sijui nitaipata lini, na mama mkwe wangu hanisubiri tena."

Inspekta alikuwa amesikia watu wakiomba mengi mbele yake, dhamana, wakili, maji ya kunywa. Hakuwahi kusikia mtu akiomba apasuliwe kwanza. Akamuuliza kuhusu huyo mama mkwe. Fundi akamweleza kwamba mama hupiga simu kila mwezi kuuliza habari, na kila mwezi yeye humwomba radhi, na mama humjibu kwa mafumbo ya mti usiozaa. Asiyechoka naye ni mume peke yake. Mume huyo alikuwa humo humo maabara, Naibu wa Profesa, na kwa uangalifu wake yeye naye kila asubuhi alimeza vitamini za kusaidia uzazi. Fundi mwenyewe humwekea kidonge pembeni ya kikombe cha chai asije akasahau.

"Na ufunguo?"

Fundi akautoa shingoni, umefungwa kwa utepe. Alilala nao, alikula nao. Aliuvua wakati wa kuoga tu, na nyumbani walikuwa wawili peke yao. Inspekta akautazama ule utepe, kisha akamtazama mwenye utepe, ambaye hakuonekana kuwa amesema jambo lolote la maana.

Siku iliyotangulia Inspekta alikuwa ameipoteza yote kwa muuza kemikali. Huyu alikuwa kijana wa suti ya kubana aliyeletea maabara chupa na vimiminika, na watu wawili walimwona akizungukazunguka karibu na friza. Alipofunguliwa mkoba zikatoka pakiti za glukosi, moja imekatwa. Inspekta alikuwa ameshashika pingu. Kumbe kijana ana ugonjwa wa sukari, hubeba glukosi asije akaanguka barabarani, na kilichomzungusha pale ni karani wa mapokezi, ambaye naye alikiri huku anacheka. Inspekta akarudi nyumbani ameambulia patupu.

Lakini usiku ule mkewe alimlalamikia kwamba maziwa ya unga hayana ladha. Binti wa tatu, mpenda vitamu, alikuwa akichota kwenye kopo na kujazia unga wa ngano. Inspekta akalala na jambo hilo kichwani. Anayeiba ili akauze hubeba gunia akakimbia. Anayechota kijiko na kujazia ni mlaji, na anatarajia kurudi kesho.

Akamwacha Fundi na vioo vyake, akaenda ofisini kwa Profesa kulijaribu wazo lake. Profesa, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, hakuwa na subira ya mafumbo. Alisema kampuni yoyote ikipata chembe moja ya ule unga, wanakemia wake wataiga. Nani basi angehitaji kuchota mwezi hadi mwezi? Inspekta akamuuliza kama kuna mtu anayeruhusiwa kuila dawa hiyo. Profesa akasema hakuna binadamu aliyewahi kuimeza. Waliomba ruhusa ya kuijaribu kwa watu, kamati ya maadili ikawakatalia, ikasema warudi kwa panya.

"Nani aliumia zaidi?"

"Sote tuliumia. Ila Naibu wangu ndiye aliyeigundua. Alikaa wiki nzima hasemi na mtu."

Inspekta akashukuru, akarudi kwa Fundi. Ijumaa, akaambiwa, ni siku ya vikopo. Ili kujua mbegu nzima inavyowaka, maabara ilihitaji mbegu za wanaume wazima kila wiki, na waliojitolea walikuwa wanaume wa jengo lenyewe. Ilianza kwa shida. Hakuna aliyekubali kikopo chenye jina lake kifike mbele ya akina mama wa maabara. Kwa ajili ya heshima wakapanga hivi: kila mwanaume ana kifuniko cha rangi yake, Baba Panya ndiye anayegawa vifuniko na kupokea vikopo chumbani kwake, na hakuna mwingine anayejua rangi gani ni ya nani. Wasomaji, yaani wanaokaa kwenye hadubini, hawaulizi. Ni adabu ya mahali pale, na Fundi alijivunia kwamba haijavunjwa hata siku moja.

Kwa hiyo walizoea rangi kama mtu anavyozoea majirani. Nyekundu ana mbegu chache lakini kali. Bluu akiwa na mafua huonekana. Nyeupe ni wa kutegemewa.

"Na Njano kalala," Fundi akasema, akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Zamani aliwaka vizuri tu. Siku hizi anaogelea kama bingwa, ukimtia homoni hawaki. Kwanza tukasema rangi imeharibika, tukamwaga chupa nzima. Tukanunua nyingine, wote wanawaka, yeye giza. Tukasema basi, kuna wanaume wako hivyo. Mimi huwa nawaambia wenzangu, masikini mke wake."

Inspekta hakucheka. Akamwomba asome vikopo vya leo, vilivyoletwa asubuhi kabla hajafika na kabla mtu yeyote hajajua anatafuta nini. Akasimama nyuma yake. Fundi alisoma Nyekundu, ikawaka. Bluu ikawaka. Kijani na Nyeupe zikawaka. Alipofika kwenye kifuniko cha njano akaongeza homoni, akasubiri, akaongeza tena.

"Giza," akasema. "Kama kawaida yake. Njoo uone zinavyoogelea lakini, afande. Hospitali wangempa cheti."

Aliposema neno hospitali aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye hadubini, kisha akakirudisha. Inspekta alimwona. Akamwambia anakwenda kuwatazama panya.

Chumba cha panya kilinuka maranda na mkojo. Baba Panya alikuwa akiwahamisha vitoto kwa kijiko cha mbao, mmoja mmoja, taratibu. Inspekta akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia. Hakumtisha. Alimwambia, mzee mwenzangu, najua umepewa siri za wanaume wa jengo hili na sitaki siri zao. Nataka moja tu, ya Njano.

Baba Panya akaendelea na kijiko chake. Akasema aliahidi. Inspekta akamwambia kuna mwanamke atafungwa jioni hii kwa wizi asioufanya, na Jumatatu angepasuliwa kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Kijiko kikasimama. Baba Panya akakaa chini pale pale kwenye maranda.

"Kumbe ndivyo," akasema. "Mimi nilidhani ni maradhi yake tu, nikamsitiri. Yule binti Fundi alipotaka kumwondoa Njano kwenye usomaji, huyo Njano alikuja hapa mwenyewe akanisihi nisikubali. Akasema acha waendelee kumsoma. Nikashangaa mwanaume anang'ang'ania aibu yake." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Naomba yule binti asilisikie kwangu. Hunisalimia shikamoo kila siku kama babake."

Naibu alikuwa na ofisi ndogo nadhifu mwisho wa korido. Inspekta alimchukua Profesa kama shahidi, wakaingia bila kupiga kelele. Naibu aliwakaribisha viti. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, shati limepigwa pasi vizuri, na Inspekta alijua ni nani aliyelipiga pasi. Mezani, karibu na kompyuta, palikuwa na kichupa cha vitamini.

Inspekta hakuuliza habari za friza, wala za ufunguo ulionakiliwa mke akiwa anaoga. Alisema anaomba kukiona hicho kichupa. Mkono wa Naibu ukafika kwanza, ukakifunika, na hapo kazi ya maswali ikawa imekwisha. Profesa alikivuta kutoka chini ya vidole vyake, akafungua ganda la kidonge kimoja, akaumwaga unga wake kiganjani. Alikuwa ameufanyia kazi unga ule miaka mingi. Hakuhitaji kuupima.

"Wewe," Profesa akasema.

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Fundi alikuwa amesimama kizingitini, bado amevaa glavu. Inspekta alikuwa amepanga amwambie yeye mwenyewe, kwa utaratibu, akiwa amekaa, lakini mwanamke huyu hakuwa mjinga. Alikuwa amepita chumba cha panya akamsalimia Baba Panya, na Baba Panya akashindwa kuitikia. Mkononi alishika kifuniko cha njano.

"Ni wewe," akamwambia mumewe. Haikuwa swali.

Naibu akavua miwani. Alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyelisema jambo kichwani mara nyingi, na ndicho kilichomchukiza Inspekta kuliko yote. Alisema panya si watu. Alisema kamati ya watu wasiojua lolote ingeichelewesha dawa kwa kizazi kizima, na duniani kuna mamilioni wanaoihitaji. Mtu mmoja ilibidi aanze, na yeye hakutaka kumweka mwingine hatarini. Akajitolea mwenyewe.

"Wewe ulijitolea," Inspekta akasema. "Huyu nani alimtoa?"

Naibu hakumjibu yeye. Alimgeukia mkewe, akamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye msomaji bora aliyewahi kumwona, na kwamba msomaji asiyejua anachosoma ndiye wa kuaminika. Angemwambia, usomaji ungeharibika. Na nyumbani vile vile. Ilihitajika nyumba ya kawaida, mume na mke wanaotafuta mtoto kwa dhati.

"Mke mzima," Fundi akasema.

"Ndiyo. Nilihakikisha vipimo vyako vya mwanzo. Hukuwa na kasoro yoyote. Bila hivyo jaribio lisingekuwa na maana."

Profesa alikaa chini. Inspekta alikuwa amewakamata wauaji waliolia na wezi waliotukana, lakini hakuwahi kumwona mtu akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa namna hii, ndani ya nyumba yake, na kidonge anakiweka yeye mwenyewe pembeni ya chai. Alikasirika mpaka masikio yakamwunguza. Na alijua vizuri sheria aliyokuwa nayo mfukoni: wizi wa unga wa maabara. Hapakuwa na kifungu cha miaka ya yule mwanamke.

Fundi alikuwa akikigeuzageuza kile kifuniko.

"Mbona kila mwezi ulinishika mkono nikilia," akasema. "Ulikuwa unanihurumia, au ulikuwa unapata jibu?"

Naibu akaanza kuifuta miwani yake kwa ncha ya shati.

"Na Jumatatu? Ungeacha wanipasue?"

"Jumatatu ndiyo ingekuwa mwisho," akasema haraka, kama mtu aliyepata nafasi ya kujitetea. "Nilikuwa naacha dawa baada ya upasuaji. Mbegu mpya zingekuja na vilango vilivyo wazi. Ungepata mimba, ungemshukuru daktari, na hakuna ambaye angeumia. Nilikuwa nimekupangia vizuri."

Alimaanisha hivyo. Inspekta aliona kwamba alimaanisha kweli, na alitarajia kushukuriwa.

Fundi akauvua ufunguo shingoni, akauweka mbele ya Profesa. Profesa alijaribu kumrudishia, akisema maneno ya radhi ambayo hayakukamilika, na Fundi akamwachia tu mezani. Kisha akatoa simu kwenye mfuko wa koti jeupe. Inspekta alikuwa ameshatoa pingu, akaona ni heri asubiri. Hakuna haraka iliyomhusu tena siku hiyo.

Simu iliita kidogo. Fundi akaiweka kwenye sauti ya juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikuwa nakaribia kukupigia. Nakuja Jumapili, nikusindikize hospitali mwenyewe, maana wewe kwa visingizio sikuwezi."

"Jumatatu siendi, mama. Mwanao yuko hapa, atakueleza sababu."

Akailaza simu juu ya meza mbele ya mumewe, na kile kifuniko cha njano akakiweka juu ya kichupa cha vitamini. Akavua glavu. Akapita katikati ya Inspekta na mlango, na hatua zake zikasikika koridoni zikielekea chumba cha panya.

"Haendi?" sauti ya mama ikajaza chumba. "Si nilikwambia, mwanangu? Tangu siku ya kwanza nilikwambia huyo mwanamke ana tatizo, ukanikatalia. Haya, niambie, sasa ana tatizo gani?"

Naibu aliitazama simu.

"Mwanangu? Upo?"

Inspekta akasogeza kiti, akakaa, pingu magotini.

"Mjibu mama yako," akasema.